Kondoo wa Wamaza katika Shamba la Kunde

Mwaka jana, asubuhi ya Idi ya kuchinja, Mzee Djafari alimleta uani mwanakondoo aliyemnunua siku mbili kabla, akamfunga kwenye mpera. Jamaa walikuwa wamejaa pale nyumbani kwake Kasongo, watoto wamevaa nguo mpya, visu vimenolewa. Shekhe Mahamudu, aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwasaidia watu kuchinja, aliinama akamwekea mnyama mkono mgongoni. Akaupitisha mara moja, akaurudisha. Kisha akasema kwa sauti ya chini, lakini ua ulikuwa umenyamaza na kila mtu alisikia:

"Djafari ndugu yangu, huyu hafai. Ni mifupa na ngozi tu. Mnyama aliyekonda namna hii hatolewi sadaka."

Mzee hakubisha. Alikuwa amechelewa kwenda sokoni, na kondoo waliobaki walikuwa wale waliokwisha kukataliwa na wengine. Alimfungua mwanakondoo, akaingia chumbani, na siku ile hakutoka tena. Binti yake Chadia ndiye aliyebaki uani kuwaambia wageni kwamba baba anaumwa kichwa.

Chadia alikuwa na miaka thelathini na moja. Alikuwa ameachika, amerudi kwa baba yake, na alikuwa na kibanda cha chumvi, sabuni na mafuta karibu na soko. Hakumkasirikia Shekhe, kwani alisema kweli. Kilichomuuma ni kwamba jambo lile lilikuwa likijulikana na watu wote. Kila mwaka kondoo waliletwa kwa miguu kutoka upande wa Kabambare, wakafika mbavu nje, wakanunuliwa, wakachinjwa kesho yake. Hakuna aliyewapumzisha. Hakuna aliyewalisha.

"Mwaka ujao nitawalisha mimi," alimwambia baba yake.

"Wewe unajua nini juu ya kondoo?"

"Nitajua."

Mtu wa kwanza aliyemwendea ni Emilienne, mama mmoja Mkristo aliyelima nje ya mji, njia ya kwenda Nyangwe, na ambaye kwa miaka mingi alinunua chumvi kwake. Chadia alimwita yaya, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Emilienne alikuwa na shida yake mwenyewe. Nusu ya shamba lake ilikuwa imechoka, mahindi yalitoka mafupi na ya manjano.

Alisikiliza mpaka mwisho ombi la Chadia la mahali pa kulishia kondoo, huku akimenya mihogo.

"Sawa," akasema. "Huku nitapanda kunde, kule viazi vitamu. Kondoo wakule majani, mimi wataniachia mbolea. Lakini sikia, mudogo wangu. Kila asubuhi unakuja mwenyewe. Mimi siko muchungaji wako."

"Nitakuja."

Katikati ya mwezi wa tatu, kunde zilipokuwa zimefika magotini, Chadia alipanda pikipiki ya Serge, dereva wa mtaani kwao, mpaka Wamaza, kijiji cha upande wa Kabambare. Njia ilikuwa tope tupu. Mara tatu walishuka wakaisukuma. Mfugaji mmoja aitwaye Musafiri aliyatoa madume yake machanga ya kondoo, ya miezi mitano na sita, yaliyokwisha kuacha kunyonya. Chadia alifanya kama alivyoulizia kwa watu: alitazama macho, akafungua midomo kuona meno, akainua kwato moja moja. Mwenye kikohozi alimwacha. Mwenye kuchechemea alimwacha. Alichagua tisa, warefu wa mifupa, matumbo yameingia ndani.

Musafiri alicheka. "Mama, hao mimi mwenyewe nimeshindwa kuwanenepesha. Malisho yameisha huku."

"Ndio hao nataka."

Serge alirudi peke yake. Chadia na Musafiri waliwaswaga wale tisa siku tatu, wakilala vijijini, wakivuka vijito juu ya magogo, wakimbeba mabegani yule mdogo kuliko wote alipochoka. Walipofika kwa Emilienne, miguu ya Chadia ilikuwa imetoka malengelenge. Musafiri alikunywa maji, akaaga.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Wanyama walikaa zizini, wakala majani makavu ya porini na viazi vitamu kidogo, wakalamba chumvi kutoka kibandani. Emilienne alimwonya mapema kuhusu kunde.

"Usiwaingize na njaa. Na usiwaingize kukiwa na umande. Tumbo la kondoo halijazoea. Pole pole."

Siku ya tisa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Maji yaliingia kibandani kwa Chadia, akahangaika kuokoa sabuni na mifuko ya chumvi, na alipofika shambani jua lilikuwa limepanda na kondoo walikuwa wanalia zizini, hawajala tangu jana. Emilienne alikuwa ameenda kusali. Chadia aliwaonea huruma. Alifikiri: kidogo tu, washibe. Akafungua mlango wa kunde, majani bado yanadondoka maji.

Walikula kama walioachiliwa kifungoni. Yeye mwenyewe alifurahi kuwatazama. Kabla ya saa moja kupita, mmoja aliacha kula, akasimama ametanua miguu, ubavu wake wa kushoto umepanda juu kama ngoma. Halafu yule mdogo aliyebebwa njiani naye akavimba. Chadia aliwafukuza wengine kurudi zizini, akakimbia hadi barabarani akiita. Emilienne alisikia kutoka mbali, akaja mbio na nguo zake za kanisani. Wa kwanza alikuwa amekwisha kuanguka, ulimi nje.

"Mwache huyo! Mulete mudogo!"

Walimsimamisha yule mdogo miguu ya mbele juu ya tuta. Emilienne alimpitishia kijiti kinywani, akakifunga kwa kamba nyuma ya masikio, ili atafune asiache. Akamtuma Chadia mafuta ya karanga jikoni kwake, akamnywesha mnyama kidogo kidogo pembeni ya shavu, asije akapaliwa.

"Sugua pale kushoto. Kwa nguvu. Usiogope."

Chadia alisugua mpaka mikono ikafa ganzi. Alikuwa analia na hakujua kama analia. Mwishowe mnyama alitoa mgurumo, harufu mbaya ikawapiga usoni, kisha mgurumo mwingine, na tumbo likaanza kushuka.

Yule wa kwanza hakuchinjwa akiwa hai, kwa hiyo hakuliwa. Walichimba shimo nyuma ya migomba. Chadia alishika jembe mwenyewe.

"Ni mimi nimemuua," alisema.

"Ndiyo, ni wewe," Emilienne akajibu. Alifuta tope kwenye gauni lake. "Sasa kesho unakuja saa ngapi?"

Habari ilifika mjini kabla yake. Baba yake alikuwa anamngoja barazani.

"Nilikuambia. Uzisha waliobaki, mambo yaishe. Hatuna haja ya watu kutucheka mara ya pili."

Na mnunuzi alikuwepo. Mtu mmoja aitwaye Ruphin, aliyekuwa akipeleka nyama kwa wachimba dhahabu wa Salamabila, alikuja kibandani siku iliyofuata. Huko, alisema, hakuna anayeuliza mnyama amenona ama hakunona, supu ni supu. Angewachukua wote nane vile vile walivyo.

"Siuzishi," Chadia akasema.

"Wakikufa wengine?"

"Wakikufa nitakuwa pale nimesimama nao. Lakini siuzishi."

Ruphin alitikisa kichwa, akanunua sabuni moja, akaenda.

Tangu siku ile Chadia alibadilisha maisha yake yote. Kulipopambazuka alikuwa tayari njiani. Alikata majani makavu, akawapa kondoo kwanza, akawangoja wamalize huku jua likikausha umande. Ndipo alipowaingiza kwenye kunde, nusu saa tu, akisimama pembeni bila kukaa, akitazama kila ubavu wa kushoto. Wiki iliyofuata saa nzima. Baadaye asubuhi yote. Yeye na Emilienne walisuka uzio wa mianzi, mwepesi wa kuhamishwa, wakawakatia kondoo kipande kidogo kila baada ya siku tatu, ili wale mpaka mwisho na wasikanyage ovyo. Nyuma yao waliwaachia sehemu kavu ya kulala. Tope la mwezi wa nne lilipowapata wawili kwenye kwato, aliwasafisha, akawatia dawa, akawaweka mahali pa mchanga mpaka wakapona.

Kibanda alikifungua saa sita. Wateja wa asubuhi walihamia kwa wengine, na baadhi hawakurudi. Wanawake sokoni walimwita mama kondoo. Aliitika.

Wanyama nao walianza kubadilika. Manyoya yalilala, yakang'aa. Shingo zilijaa. Kama alivyojifunza kwa Shekhe bila Shekhe kujua, Chadia alipitisha mkono migongoni kila Ijumaa. Mwanzo vidole vilikuwa vinaingia kati ya mfupa na mfupa. Kufika mwezi wa tano alilazimika kubonyeza ili aupate mfupa.

Wiki moja kabla ya Idi, Mzee Djafari alikuja shambani. Hakusema kwamba anakuja. Chadia aliinua kichwa akamwona kwenye uzio, kanzu ameipandisha kwa sababu ya tope. Baba yake hakuwa amekanyaga pale hata mara moja.

"Wafunge niwaone," akasema.

Aliwapapasa mmoja mmoja, mgongo, kiuno, shina la mkia. Hakufanya haraka.

"Huyu, sawa. Huyu, sawa." Wa saba pia sawa. Alipofika kwa yule mdogo aliyeokolewa kwa mafuta ya karanga, alikaa naye zaidi. "Huyu bado. Mfupa nausikia."

"Hata mimi nausikia, baba."

Mzee alijifuta mikono kwenye majani. Alitazama kunde zilizoliwa mpaka mashina, viazi vilivyochipua upya nyuma ya uzio, sugu zilizokuwa zimeota kwenye viganja vya binti yake.

"Watu saba mtaani wameniuliza," alisema. "Niwaambie nini?"

"Mmoja ni wako. Kwa hiyo waambie kondoo waliobaki ni sita."

Siku mbili kabla ya sikukuu, Amisi, mtoto wa baba yake mdogo, alikuja kumwomba yule wa nane. Alikuwa amechelewa kama Mzee Djafari alivyochelewa mwaka uliopita.

"Chadia, mimi ni ndugu yako. Yule iko muzuri tu, tumbo kubwa. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Nikikupa huyo, nimekufanyia yale aliyofanyiwa baba."

"Kwa hiyo nikose?"

"Nenda kwa wale wanaochanga pesa za ng'ombe mmoja kule kwa jirani Soraya. Ng'ombe anatosha watu saba; wao wako sita, wanatafuta wa saba. Nimekwisha kuwauliza kwa ajili yako."

Amisi aliondoka amenuna. Lakini alienda.

Asubuhi ya Idi, Mzee Djafari alimshika kondoo wake mwenyewe, hakumpa mtu. Shekhe Mahamudu aliupitisha mkono mgongoni, akauzamisha, akamtazama mzee, akachukua kisu. Akasoma. Akachinja. Mzee alibaki amesimama katikati ya ua wake siku nzima, akigawa mafungu, akiwaita majirani kwa majina, sauti yake ikisikika hadi barabarani. Fungu la Emilienne, Chadia alilipeleka mwenyewe, paja zima, likiwa bado la moto.

Emilienne hakuwa nyumbani. Alikuwa shambani, amepiga magoti kule kondoo walikoanzia kula, anavunja donge la udongo kwa vidole. Lilikuwa jeusi.

"Mwezi wa tisa hapa naweka mahindi," alisema. "Na kule upande wa pili, karanga. Tukivuna karanga, majani tunayakausha juu ya dari. Ndiyo chakula ya kiangazi."

"Upande wa pili ni mdogo, yaya. Mimi nataka kuleta ishirini."

"Ishirini! Wewe ulishindwa na tisa."

"Nilishindwa na mmoja."

Emilienne alisimama, akajipangusa magoti. Kisha aliweka kisigino chake kwenye kona ya shamba, akaanza kupima kwa hatua kuelekea pori, akihesabu kwa sauti. Chadia aliitundika ile nyama kwenye mgomba, akamfuata na vijiti vya kuweka alama.