Chokaa ya Salongo

Désiré alipokata kona na kuiona nyumba, alisimama ghafla. Ilikuwa nyeupe.

Ilikuwa Jumatatu moja ya Oktoba 1986, saa mbili asubuhi, na jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Nyuma yake alikuja citoyen Nzeza, yaani mwananchi Nzeza kwa Kifaransa cha ofisini, mtaalamu wa majengo ya kale aliyetumwa kutoka Kinshasa, koti mkononi, macho mekundu kwa siku tatu za kungoja ndege. Alasiri ndege hiyo hiyo ingemrudisha.

Kwa miaka mitatu Désiré, karani wa mipango ya mji, alikuwa ameandika barua juu ya nyumba hii. Mwingereza mmoja, wakala wa biashara ya mtoni, aliijenga mwaka 1926 akikumbuka nyumba ya mashambani ya baba yake. Matofali yake mekundu yalichomwa kando ya mto Tshopo, yakapangwa kwa zamu, moja kwa urefu, moja kwa kichwa. Madirisha yalikuwa marefu, yenye vioo vidogo vidogo. Na juu ya paa zilisimama dohani mbili, katika mji ambao hakuna aliyewahi kuota moto kwa sababu ya baridi. Watu walimcheka Mwingereza mpaka akaondoka. Mama Berthe, mjane wa mpishi wake aliyebaki akiishi humo, hakucheka. Ndani ya meko ya sebuleni alikausha samaki, na katika nyumba hiyo hiyo alilea watoto na wajukuu.

Sasa mfanyabiashara mmoja alikitaka kiwanja ajenge ghala la kahawa. Kitu kimoja tu kingeweza kumzuia: jina la nyumba liingie kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na taifa. Lisipoingia, Mama Berthe na wajukuu wake wangetoka kabla ya Noeli.

"Nani alifanya hii?" Nzeza aliuliza.

Papa Alfani, mkuu wa mtaa, alikuwa anavuka barabara mbio, uso umejaa furaha, chokaa bado kwenye kucha.

"Karibu, citoyen! Karibu sana! Jumamosi yote tulifanya salongo hapa. Hata bamama ba mimba balibeba maji. Désiré alituandikia: mugeni wa Kinshasa anakuja, nyumba itayarishwe. Bon, tulitayarisha!"

Désiré aliinamisha kichwa. Barua ile aliiandika kwa mkono wake. Alitaka wafagie uwanja na kufungua madirisha, basi. Lakini alizaliwa mtaa huu huu. Tangu utoto wake, kila mkubwa wa mji mkuu alipotazamiwa, watu walitolewa Jumamosi kwa salongo, kazi ya lazima, wakapaka chokaa kila kinachoonekana barabarani: mawe, kuta, miti hadi kiunoni. Kumwonyesha mgeni tofali tupu, lenye kuvu ya miaka sitini, kungekuwa tusi. Alisahauje?

"Nilikuja kuona matofali," Nzeza alisema, bila hasira, kama mtu aliyekwisha kuyaona haya katika miji mingine. "Sheria inataka uso wa nyumba kama ulivyojengwa. Siwezi kuandika kitu sikuona."

"Chokaa inatoka kwa maji, citoyen. Tupatie mpaka saa nane," Désiré alisema.

Nzeza alitazama saa yake, kisha kiti cha Mama Berthe barazani. "Mutaniamsha," alisema, akaketi, akajifunika uso kwa koti.

Majirani walikuwa wamekusanyika. Angèle, muuza chikwange, mikate ya muhogo, alipiga makofi. "Jumamosi paka, leo Lundi pangusa! Ukuta iko nguo, tunavalisha, tunavua?"

"Désiré, hii njo kitu diploma ilikufundisha?" mwingine alidakia.

"Makosa ni yangu," Désiré alisema. Wakacheka, kisha mmoja mmoja wakaenda zao. Mabega yao yalikuwa bado yanauma tangu juzi.

Mama Berthe aliingia ndani. Alileta ndoo na konzi mbili za nyuzi za ngazi, tunda la mchikichi, zilizokwisha kukamuliwa mafuta, akaanza kusugua karibu na mlango. Désiré alivua shati. Maji yalishuka kama maziwa. Rangi nyekundu ilijitokeza polepole, lakini kwenye viungo vya matofali chokaa iling'ang'ania.

Baada ya saa moja Angèle alirudi na brashi. "Sikuja juu yako, Désiré. Nimekuja juu ya mama." Papa Alfani alimfuata akinung'unika kwamba tangu azaliwe kwao Kasongo hajapata kuona kazi ya namna hii. Hata hivyo alisugua.

Saa nane walikuwa wamefika kwenye dirisha la pili tu. Nzeza aliamka, akapitisha kiganja juu ya matofali, akahesabu mistari kwa kidole. Aliingia ndani, akazunguka chumba kwa chumba. Désiré aliendelea kusugua.

"Iko nyumba nzuri," Nzeza alisema alipotoka. Aliandika akiwa amesimama, mguu mmoja juu ya kiti, karatasi juu ya goti. "Ninaiingiza kwenye orodha kwa muda. Miezi sita, hakuna mutu anaibomoa. Mukimaliza kuosha yote, ataletwa mwingine kuhakikisha, na itabaki. Musipomaliza, donc, basi."

"Na nani atatusaidia kuosha?" Désiré aliuliza.

"Hiyo sheria haisemi, mwanangu."

Gari lilimchukua. Walibaki wanne, mikono imechubuka, wamekaa chini kwenye matope meupe. Désiré aliikunja karatasi mara mbili, asijue aiweke wapi bila kuilowesha.

"Donc tunabaki?" Mama Berthe aliuliza.

"Tunabaki, mama. Miezi sita."

Mama Berthe aliitikia kwa kichwa taratibu. "Na upande wa nyuma, Alfani? Kule hakuna barabara. Kule hamukupaka?"

Papa Alfani alijikuna shingo. "Chokaa ilibakia, mama. Tuliona haya kuitupa, tukapaka na kule."

Angèle alianza kucheka, akachoka katikati.

"Bon," Mama Berthe alisema, akiegemea ukuta. "Kesho."