Kivuko Kitawasili Hivi Punde

Maiki ya kituo cha kivuko ilikuwa imevishwa soksi ya mtoto, kwa sababu bila soksi ilimpiga shoti kila aliyeigusa. Soksi hiyo aliileta mtangazaji mwenyewe kutoka nyumbani, baada ya kumwomba fundi wa umeme mpaka akachoka kuomba. Asubuhi ile alikuwa amekaa kwenye kiti kisicho na mgongo, ndani ya chumba cha juu chenye dirisha moja na feni isiyozunguka, akitazama ng'ambo. Huko kivuko kilikuwa kimeegeshwa upande, mlango wake wa mbele ukining'inia majini, na bomba lake lilikuwa limeacha kutoa moshi. Alikaa kidogo akilitazama lile bomba, kisha simu ya mezani ikalia.

Alikuwa fundi wa mitambo, anapiga kutoka ng'ambo.

"Shafti ya injini imekatika," fundi alisema. "Leo hakuna safari, na kesho usiitegemee. Waambie watu wasipoteze muda wao."

Mtangazaji huyu wenzake kazini walimwita Sauti. Abiria waliomsikia miaka yote hawakuijua sura yake, na sokoni walimkanyaga vidole kama mtu mwingine yeyote. Lakini sauti yenyewe waliijua. Ilikuwa tulivu, ya kumbembeleza mtoto anayekataa dawa, na ndiyo iliyompatia kazi hii siku ambayo wasichana wenye vyeti vizuri kuliko chake walirudishwa nyumbani. Mshahara wake ndio uliolisha nyumba yenye watu watatu: yeye, mwanawe na mama yake.

Akabonyeza kitufe. "Wapendwa abiria, kutokana na hitilafu ya..."

Mkono ukapita juu ya bega lake ukazima mashine. Meneja alikuwa ameshapanda ngazi. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, meneja huyu. Alikuwa na tabasamu la mfanyabiashara anayekuuzia redio mbovu, na alinukia sabuni nzuri hata siku ambazo maji yalikatika kituo kizima.

"Hitilafu," alisema, akiitamka pole pole kama mtu aliyekuta unywele kwenye chakula. "Nani amekuambia useme hitilafu?"

Sauti alimweleza habari ya shafti. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Kazi ya fundi ni kutengeneza. Kutangaza natangaza mimi, ila natumia mdomo wako. Tumeelewana?"

Utaratibu ulikuwa huu, na kila mfanyakazi aliujua ingawa hakuna aliyewahi kuuona umeandikwa popote. Safari ikisitishwa, abiria hurudishiwa nauli. Safari ikichelewa, abiria husubiri. Kwa hiyo katika kituo kile safari haikuwahi kusitishwa hata siku moja. Ilichelewa tu. Iliwahi kuchelewa wiki nzima, na katika wiki hiyo tiketi ziliendelea kukatwa dirishani kama kawaida. Karani mmoja aliyewatumia jamaa zake ujumbe wa siri kwamba wasije, alifukuzwa mchana huo huo, na tangu hapo simu za wafanyakazi wote zililala kwenye droo ya meneja hadi zamu iishe.

"Sema kitawasili hivi punde," meneja alisema. "Huo si uongo. Hivi punde haina saa."

Kilichompa Sauti nguvu ya kushika maiki tena kilikuwa jambo moja: mama yake alikuwa ameshavuka.

Alasiri ya siku hiyo baraza la ardhi, ambalo ofisi zake ziko ng'ambo, lilikuwa lisikilize kesi ya nyumba yao. Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba, alikuwa anadai kwamba nyumba ni ya ukoo, na mjane arudi kwao. Kwao wapi, hakusema. Mama alikuwa amezeeka ndani ya nyumba ile, alikandika kuta zake kwa mikono yake, na huko alikozaliwa hakuna hata anayemkumbuka jina. Lakini alikuwa ameshakosa kufika barazani mara mbili. Mara ya kwanza aliugua, na mara ya pili kivuko kilichelewa. Mwenyekiti wa baraza akasema kwamba akikosa mara ya tatu, nyumba atapewa yule aliyefika. Baba mdogo alikuwa anaishi ng'ambo hiyo hiyo, karibu kabisa na baraza. Angeweza kufika kwa kandambili.

Kwa hiyo jana mama alipiga pasi gauni lake la heshima, akatoa na kile kitambaa cha kichwa cha kijani ambacho hukivaa mara chache, akasema atapanda kivuko cha kwanza. Alfajiri ya leo alitoka nyumbani giza halijaisha. Sauti alibaki kumwandaa mtoto kwa ajili ya shule, na alipofika kazini, akiingia kwa mlango wa nyuma wa wafanyakazi, kivuko cha kwanza kilikuwa kimeshavuka salama kabla ya kuharibika huko huko kilikofika. Alishusha pumzi. Wale waliobaki chini walikuwa mama za watu wengine. Aliwaza hivyo hivyo, kwa maneno hayo, wala hakuona haya.

"Wapendwa abiria," alisema kwa sauti yake ya dawa, "tunaomba radhi kwa kuchelewa kidogo. Kivuko kitawasili hivi punde. Tafadhali endeleeni kuwa wavumilivu na msiondoke eneo la kusubiria."

Meneja alikuwa ameshika kidude cha kurekodia. Akairudisha sauti nyuma, akaisikiliza, akapendezwa.

"Safi sana. Sasa hata ukienda chooni, abiria hawakosi huduma," alisema.

Alicheka, na Sauti naye akacheka kidogo kwa sababu aliyecheka ni meneja. Kicheko chenyewe hakikufika mbali. Aliona wazi kwamba kidude kile hakiombi likizo, wala hakina mtoto wa kulipiwa shule.

Asubuhi ikasogea. Nje ya geti madereva wa magari madogo walikuwa wanaita watu wa daraja. Barabara ya darajani huzunguka mbali sana, lakini anayeondoka asubuhi hufika ng'ambo mchana. Kila mara madereva walipoita, watu kadhaa walinyanyuka na mizigo yao, wakasita, wakaitazama spika iliyofungwa juu ya nguzo. Spika ikawaambia hivi punde. Wakakaa tena. Yalijaa magari machache, yakaondoka, na la mwisho lilipoondoka jua lilikuwa linakaribia utosini. Sauti aliyasikia yote hayo kupitia dirishani akiwa anang'oa uzi kwenye soksi.

Baada ya hapo dada wa dirisha la tiketi alipanda kuleta chai. Huyu alikuwa na mdomo usiolala, na alianza kucheka kabla hajaweka kikombe.

"Wewe, umaarufu umekufikia," alisema. "Kuna mama mmoja kule chini anawatambia watu kwamba wewe ni mwanawe. Dereva wa daraja kamwita mpaka kachoka, yeye anasema siendi. Mwanangu ndiye anayesema hapo juu, akisema kinakuja, kinakuja. Kuna na mzee mmoja aliyekuwa ameshapanda gari, kamshusha."

Sauti aliuliza kama mama huyo ana kitambaa cha kijani.

"Huyo huyo. Kumbe kweli mama yako? Basi alikuwa hapa tangu alfajiri. Walizuiwa getini, msafara wa mkubwa fulani ukajaza kivuko chote, watembea kwa miguu wakaambiwa wasubiri cha pili."

Dada wa tiketi aliutazama uso wa mwenzake, kicheko kikamkauka. Akachukua sinia lake akashuka.

Sauti alisimama dirishani. Sehemu ya kusubiria ilikuwa na paa la bati, na kutoka juu yalionekana magoti ya watu tu, mizigo, na miguu ya watoto waliolala chini. Mwisho wa benchi la mbele, pale bati lilipotoboka, palionekana kipande cha kijani. Kilikuwa pale asubuhi yote. Angeinama kidogo tu angekiona.

Alimkuta meneja ofisini kwake. Akaomba kushuka, akasema mama yake yuko chini na ana kesi alasiri, akaeleza mpaka habari za baba mdogo, mambo ambayo hajawahi kumwambia mtu kazini. Alijisikia kama anavua nguo mbele ya mtu aliyevaa. Meneja aliweka kalamu chini.

"Pole sana," alisema, na huenda alimaanisha. "Lakini mama yako ni abiria kama abiria wengine. Ukimwambia yeye, umewaambia wote. Wakivunja dirisha la tiketi nitaandika jina la nani?"

"Nitamwambia kwa siri."

"Shuka ukamsalimie. Kumsalimia mzazi ni vizuri. Mlinzi atakusindikiza." Alikuwa ameshaunyoosha mkono kwenye kile kidude. "Huku juu usijali, huduma itaendelea."

Chini palikuwa na joto na harufu ya watu waliosubiri. Mama alikuwa amekaa amenyooka, mkoba wenye karatasi za nyumba juu ya mapaja, viatu vimefutwa vumbi. Alipomwona binti yake aliwageukia wenzake wa benchi kwa furaha ambayo Sauti alishindwa kuitazama.

"Si niliwaambia? Huyu hapa."

Watu wakampisha, wengine wakamwamkia kwa heshima. Mzee aliyeshushwa garini akamshukuru kwa matangazo yake, akamuuliza ni saa ngapi hasa kitafika, maana anakwenda kumzika dada yake. Sauti alimtazama mlinzi. Mlinzi alikuwa amesimama hatua chache nyuma, anajifanya anatazama maji. Sauti akatabasamu kwa yule mzee, akainama kwenye sikio la mama.

"Mama, hakiji."

"Eh?"

"Kivuko hakiji."

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Unajua sikio hili limekufa."

Hakuweza kusema kwa nguvu. Sauti yake ilifika mpaka ng'ambo kila siku, lakini sasa haikuweza kuvuka benchi moja. Alizunguka nyuma ya benchi akainama upande wa sikio zima, akajifanya anamtengeneza mama kitambaa, akamweleza pole pole: kivuko kimeharibika tangu asubuhi, hakuna kingine, magari ya daraja yameisha, na hata kama lingekuwepo moja lisingewahi baraza.

Mama alisikia. Vidole vilivyokuwa vikipapasa zipu ya mkoba vilisimama. Aliyatazama maji, akamtazama binti yake, kwa mshangao zaidi kuliko kwa hasira.

"Lakini umesema," alisema.

"Nimesema, mama."

"Mimi nimewaambia watu."

"Najua."

"Toka asubuhi nakusikia."

Sauti alitaka kumshika mkono. Aliona aibu kumshika. Alianza kusema kwamba alidhani ameshavuka, akaona jinsi maneno yenyewe yatakavyosikika mbele ya yule mzee wa msiba, akayaacha.

Spika juu ya nguzo ikakohoa. Ikalia ile kengele ndogo ya kuwaandaa watu.

"Wapendwa abiria," sauti yake ilisema kutoka juu, tulivu, bila haraka.

Mama aliitazama spika. Kisha akautazama mdomo wa binti yake uliofumbwa. Kwenye mabenchi watu walikuwa wameanza kuamsha watoto na kujitwika mizigo, kwa kuwa muda mrefu ulikuwa umepita bila tangazo, na lilipokuja waliona lazima lina habari mpya.

"Mama, hiyo si..." Sauti alianza.

Mama akainua kidole.

"Ngoja kwanza," alisema. "Tusikie."

Akalisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamishia upande wa sikio zima. Kivuko kitawasili hivi punde. Tafadhali endeleeni kuwa wavumilivu na msiondoke eneo la kusubiria. Lilipokwisha, mama alikaza kitambaa chake cha kijani, akaukumbatia mkoba, akanyanyuka. Watu walikuwa wanasongamana kuelekea getini. Geti lilikuwa na kufuli, na nyuma yake hapakuwa na kitu isipokuwa maji. Mama akamwomba mzee aliyekuwa mbele yake asogee kidogo, na yeye apate pa kusimama.