Twiga Mbele ya Waamuzi

Fundi mchomeleaji aliinua pikapu yake hadi majirani wakaibatiza jina la Twiga. Aliiwekea springi ndefu na matairi ya kumfika mtu kiunoni, akaitengenezea bampa la chuma kwa mikono yake mwenyewe, akaipaka rangi ya zambarau ambayo hata nzi aliogopa kutua juu yake. Mkewe alihitaji stuli ili apande.

"Baba Kidoti, hili gari au ghorofa?"

Jamaa akacheka. Mtu akishavimba kichwa, hata kejeli anaisikia kama sifa.

Siku ya maonyesho ya pikapu uwanja ulifurika. Mashabiki wa pikapu wana utaratibu wao: gari likiingia wanapiga kelele, na kadiri kelele zinavyopanda ndivyo dereva anavyotakiwa kukanyaga mafuta. Anayesita huitwa kuku, na kuku hapewi kombe. Fundi alilitaka kombe hilo kufa na kupona.

Akaingia polepole, muziki ameufungulia hadi mwisho. Vifijo vikamlaki. Alipokaribia meza ya waamuzi, kelele zikapanda ghafla. Watu waliruka, wakapunga mikono, mmoja akavua shati na kulizungusha hewani.

"Leo wamekoma!" fundi akajisemea, akakanyaga mafuta. Twiga akanguruma, akasogea.

Kelele zikazidi. Akamwona shemeji yake akijishika kichwa kwa mikono miwili; akampigia honi. Akamwona na mkewe, yeye asiyetaka hata kuyasikia mambo haya, akimkimbilia huku akipayuka. Jamani, hata mama watoto kakubali! Akasogea tena kidogo.

Kiatu cha mkewe kikagonga kioo cha mbele, kikaangukia boneti.

Fundi akafunga breki. Na ukweli usemwe hapa hapa, maana yeye mwenyewe hajawahi kumwambia mtu: alisimama kwa ajili ya rangi. Aliruka chini hasira zimempanda, atazame mkwaruzo.

"Una wazimu? Unajua rangi hii nime..."

Mkewe alikuwa amepiga magoti mbele ya bampa. Fundi akazunguka mbele. Kidoti, binti yao wa darasa la kwanza, aliyemponyoka mama yake katikati ya umati, alikuwa amesimama pale, paji la uso limegusa chuma. Hakuwa na hata mchubuko. Uwanjani ukabaki muziki wa Twiga ukipiga peke yake.

Fundi akainama. "Mwanangu... mbona hukukimbia?"

Mtoto alimshangaa. "Nilikuwa nakupungia, baba. Kama asubuhi, shuleni."

"Asubuhi?"

"Ukishanishusha, si napita hapa mbele? Nasimama kwanza, nakupungia, ndiyo naenda."

Mkewe aliinua uso, akamtazama mumewe. Fundi akageukia boneti ile iliyompita kimo mtoto wake. Kila asubuhi, mlango ukishafungwa tu, yeye huangalia kioo cha pembeni, akaingiza gia, akaondoka zake. Akakaa chini palepale kwenye vumbi, mbele ya waamuzi na watu wote.

Kidoti akamshika bega, akidhani baba kahuzunika kwa sababu yake.

"Siku hizi wewe hunipungii," akasema. "Lakini mimi napunga tu."