Machozi ya Bi Mwanamkuu

Haitham alirudi Kilindoni kutoka kozi fupi ya filamu Dar es Salaam akiwa na kofia ya sufu asiyoivua hata jua likiwaka, na tabia ya kuwatazama watu kupitia vidole vyake alivyovikunja kama fremu ya kamera, kana kwamba Mungu alikosea vipimo alipowaumba.

Alitaka kutengeneza filamu ya wakulima wa mwani wa kijiji cha Utende. Umi, binti wa huko huko, naye alikuwa na filamu yake aliyoipiga kwa simu, lakini alikubali kumshikia kipaza sauti ili ajifunze.

Walimrekodi Bi Mwanamkuu akianika mwani. Wakati wa kupumzika, Umi akamsimulia habari ya mbuzi aliyetafuna hotuba ya mgeni rasmi. Bi Mwanamkuu alicheka mpaka machozi yakamchuruzika. Kamera ilikuwa haijazimwa.

Siku ya onyesho la kwanza ukumbi ulijaa. Kwenye viti vya mbele walikaa wageni kutoka bara waliodhamini onyesho na tuzo ya filamu bora. Haitham akashika maiki.

"Mimi ni sauti ya wasio na sauti," alisema, kisha akawaomba wanawake wa Utende waliokuwa wakizungumza wanyamaze.

Filamu ikaanza. Akatokea Bi Mwanamkuu, uso mzima, machozi tele, kinanda kikiomboleza. Maandishi yakapita: *Bahari ilimchukua mumewe. Tangu hapo hajacheka tena.*

Mumewe, Shamte, alikuwa ameketi ubavuni pake, anatafuna karanga.

"Mwanamkuu, nimekufa lini?"

Bi Mwanamkuu aliuvuta mtandio ukamfunika uso. Mbele, wageni walikuwa wakijifuta macho.

Umi alimfuata Haitham kwenye meza ya projekta. "Mbona pale alikuwa anacheka?"

"Nimeondoa sauti tu."

"Mumewe yuko pale!"

"Umi, wewe hujasomea. Hii inaitwa hisia. Nani atalia kwa ajili ya mwani?"

Filamu ya Umi ndiyo iliyofuata kwenye ratiba. Alichomeka laptopu yake, akaiacha filamu hiyo, akafungua nakala aliyokuwa nayo ya rekodi yote ya siku ile, pamoja na sauti iliyoondolewa. Ukumbi ukasikia habari ya mbuzi, kisha kicheko cha Bi Mwanamkuu, kile cha kushika mbavu. Watu wakaangua kicheko pamoja naye. Haitham alikimbilia waya akauchomoa. Skrini ikawa nyeusi, watu wakaendelea kucheka.

Mkuu wa wageni hakucheka. Alisema binti yule hana nidhamu ya kazi, akampa Haitham tuzo kwa sababu filamu yake "imemgusa". Haitham aliipokea mkono kifuani, macho yamelowa. Yale machozi angalau yalikuwa yake.

Mlangoni alikutana na Bi Mwanamkuu. "Shikamoo, Bibi."

Bi Mwanamkuu alimtazama kama mtu anayetazama samaki aliyechacha, akampita bila kuitikia. Akamgeukia Umi.

"Na yako inahusu nini, mwanangu?"

"Wasichana wa kijiji cha Kanga wanaocheza mpira."

"Ilete kwangu Ijumaa. Shuka jeupe ninalo."

Ikaonyeshwa uani kwake baada ya Magharibi. Sauti ilikwaruza, mwisho ukarefuka, na Shamte akasinzia. Wanawake walimwambia Umi yote hayo usoni, bila kumpamba, na kesho yake akakaa kuihariri upya.