Mke wa Fundi wa Meno

Fundi wa meno alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kupenda maneno makubwa. Mtu akija kuulizia meno ya bandia, yeye humweleza habari za "urejeshaji wa mfumo wa utafunaji", na mgonjwa hubaki mdomo wazi, jambo ambalo kwa fundi wa meno si hasara. Kwa hiyo siku alipoamua kufungua tovuti ya karakana yake, alijaza kurasa tatu za maneno ya namna hiyo, akamkabidhi shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatengenezea wafanyabiashara tovuti.

Shemeji alizisoma palepale sebuleni kwa dada yake, akaziweka mezani.

"Shemeji, kwa haya hutapata hata nzi."

"Kwa nini? Kizuri chajiuza."

"Kilijiuza zamani. Siku hizi kizuri kisipotafutika kinaozea kabatini. Hebu niambie, nani ameshindwa kutafuna nyama halafu akachukua simu akaandika 'urejeshaji wa mfumo wa utafunaji'?"

Mke wa fundi, aliyekuwa akimimina chai, aliangua kicheko. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na kicheko chake kilijulikana shule nzima, maana kilionyesha meno meupe yaliyopangika ambayo walimu wenzake waliyaonea kijicho. Ya juu yote yalikuwa ya bandia. Ugonjwa wa fizi ulimng'oa meno mwaka mmoja tu baada ya harusi, akawa hathubutu kutoka nje bila leso mdomoni, mpaka mumewe alipokaa karakanani akamtengenezea mengine kwa mkono wake. Jambo hilo walilijua watu watatu tu duniani, yeye, mumewe na mdogo wake, na wote watatu walikuwa sebuleni mle. Ndiyo maana alicheka bila wasiwasi.

"Sasa watu huandika nini?" fundi akauliza, kidogo amenuna.

"Andika kibogoyo," mkewe akasema. "Ndilo neno lao. Kibogoyo afanye nini. Kibogoyo atapata wapi meno. Mtu mwenye shida haandiki insha, mume wangu."

Shemeji akapiga meza kwa kiganja. "Dada kanimalizia kazi!"

Wakakaa kitako kupanga. Shemeji aliwaonya juu ya makosa anayoyaona kila siku. Usirundike kila kitu kwenye ukurasa mmoja. Usirudierudie neno lilelile kama kasuku, kwa sababu hata mashine ya kutafutia huchoka. Usinakili maneno ya mwenzako, hasa ya Koleo. Koleo alikuwa mwanafunzi wa zamani wa fundi, aliyeondoka na ujuzi wake akafungua karakana ng'ambo ya barabara, na jina lake halikutajwa nyumbani humo bila mtu kusonya. Fundi akasonya.

"Na picha," shemeji akaendelea, "usiazime yale meno yanayocheka kwenye matangazo ya kila mtu. Weka picha zako mwenyewe, za mtu uliyemtengenezea, kabla na baada. Chini yake uandike kwa maneno ya kawaida picha inaonyesha nini."

Mwalimu alichukua kalamu nyekundu akasahihisha maandishi yote, akafuta maneno makubwa moja baada ya jingine huku mumewe akiugulia. Siku ile alijivunia sana nyumba yake. Picha hakuziona, kwa kuwa zilikuwa hazijachaguliwa bado.

Tovuti ilifunguliwa, wateja wakaanza kuja, na mwalimu alimshukuru Mungu. Kisha siku moja wakati wa mapumziko, mwalimu wa hesabu alilalamika mbele ya wenzake kwamba mama yake amebaki na meno mawili na anakula kwa shida. Akatoa simu. "Ngoja nitafute. Niandikeje? Kibogoyo." Wenzake wakainama kuchungulia, na mke wa fundi akainama nao, tena kwa furaha, akijua ni karakana ya nani itakayotokea kwanza.

Ilitokea kwanza kweli. Kulikuwa na picha mbili bega kwa bega. Kwenye ya kulia alikuwa yeye, anacheka. Kwenye ya kushoto alikuwa pia yeye, mashavu yamebonyea, mdomo umefunguliwa mpaka fizi za nyuma zinaonekana, na macho yanamtazama mpiga picha kwa upole, kwa sababu mpiga picha alikuwa mume wake na alimwambia picha ni ya kazi. Chini yake palikuwa na maneno mafupi, sahihi kabisa: "Mwanamke huyu alikuwa kibogoyo."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Mwalimu," akasema mwalimu wa hesabu, "si wewe huyu?"

Aliyecheka kwanza ni yule aliyekuwa akila naye chakula cha mchana kila siku. "Lo! Na sisi tulikuwa tunakuonea wivu!" Baada ya hapo maswali hayakukoma. Je, huyavua akilala? Je, yalishawahi kumtoka akiwa anaongea? Mumewe humbusu yakiwemo au yakiwa kwenye kikombe? Waliuliza kwa mzaha, wakigongeana mikono, na kila mmoja akafungua simu yake ili aione picha vizuri. Haikupita wiki darasa la kwanza likajua. Mtoto mmoja wa kike, mpole, alimfuata mezani akamwomba ayatoe kidogo ili ayaone. Mwalimu hakumkasirikia, ila ubaoni siku ile aliandika akiwa amewapa watoto mgongo muda wote.

Nyumbani hakungoja hata mumewe avue viatu.

"Umenianika."

"Nimekuanika wapi?"

"Usinifanye mtoto! Ile picha ulisema ya kazi."

"Na hii si kazi?" Fundi hakuwa hata na haya. Alitoa simu akamsogelea kama mtu anayeleta habari njema. "Tazama. Sisi wa kwanza. Koleo yuko huko chini ambako hakuna anayefika. Mdogo wako anasema ukurasa huu ndio uliobeba tovuti nzima. Nikiutoa tunaanguka."

"Basi weka picha ya mtu mwingine."

"Nani atakubali?"

Aliuliza kwa moyo mweupe, akingoja jibu. Mkewe alimtazama, akaingia chumbani, akalia mpaka kichwa kikamuuma.

Alikwenda kwa mdogo wake. Huyo ni damu yake, alimlea kwa kumbeba mgongoni. Alimkuta kwenye kompyuta, na mdogo mtu alimsikiliza bila kuyatoa macho kwenye kioo.

"Nilidhani mmekubaliana, dada."

"Uliniuliza?"

"Sasa dada, kufuta ukurasa wenye nguvu namna hiyo ndilo kosa la kwanza tunalowakataza watu. Na huo ndio ukurasa ninaowaonyesha wateja wangu wapya, waone kazi yangu. Vumilia kidogo, watu husahau." Halafu akaongeza, akicheka kidogo ili ionekane utani, "Tena neno lenyewe ulilitoa wewe."

Mwalimu alikuwa amewafundisha watoto wa watu kwa miaka mingi kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Aliaga, akashuka ngazi ameshika ukuta.

Jumamosi alijikaza akaenda karakanani kumbembeleza mumewe kwa mara ya mwisho. Aliona labda kule, mbali na kitanda na sahani, atamsikiliza kama anavyowasikiliza wagonjwa. Benchi lilikuwa limejaa. Kabla hajafungua mdomo, bibi mmoja aliyekaa pembeni aliangalia simu yake, akamwangalia yeye, akaangalia simu tena.

"Ndiye huyu!" bibi akapaza sauti. "Ndiye niliyemwona! Mimi nataka yawe kama yake."

Fundi alitokea ndani, mikono imejaa plasta mbichi ya kalibu za meno, uso unang'aa. "Ndiye, bibi. Mke wangu wa ndoa. Mke wangu, hebu cheka wakuone."

Hakuwa anamkomoa. Laiti angekuwa anamkomoa, mwalimu angepata pa kushika. Alikuwa amefurahi tu, anangoja acheke, na benchi zima linangoja pamoja naye. Mwalimu akaingiza vidole mdomoni, akayatoa meno, akayaweka juu ya kiganja cha mumewe, kwenye plasta.

"Waonyeshe wewe," akasema. Maneno yalitoka na upepo mwingi, lakini kila mtu aliyasikia.

Tangu siku hiyo hakuyavaa tena. Gharama yake ilikuwa kubwa na aliilipa mwenyewe. Mkuu wa shule alimwita akamweleza kwa heshima zote kwamba watoto hawawezi kujifunza sauti za herufi kwa mdomo usioshika sauti, akamhamishia stoo ya vitabu. Siku alipokabidhi chaki alilia mbele ya watoto, nao wakalia bila kujua wanalia nini. Lakini hakurudi nyuma. Sokoni, kwenye foleni, kwenye mikutano ya wazazi, alicheka mdomo wazi, yeye aliyewahi kutembea na leso. Na kwa kuwa sura yake ilikuwa kwenye kila simu iliyowahi kutafuta meno, watu walimtambua.

"Mama, si wewe wa kwenye picha? Mbona hayapo?"

"Muulizeni fundi," alijibu, akapita zake. Hakusema uongo hata wa neno moja.

Watu wakajijibu wenyewe. Meno ya fundi yule hayadumu. Kama ya mkewe yameshindwa, yako wewe mpita njia yatakuwaje? Walizidi kumwona fundi akiwa wa kwanza kwenye simu, wakaja, wakakutana na mkewe njiani, wakavuka barabara kwenda kwa Koleo. Benchi likabaki na mtu mmoja, naye ni mdai. Fundi alifoka, kisha akanuna, kisha akabembeleza, na mkewe alimwandalia chakula kila siku bila kumjibu lolote.

Ndipo jioni moja fundi akaingia jikoni, kikombe safi mkononi, meno ndani yake.

"Nimeitoa ile picha," alisema. "Ukurasa wote nimeufuta, kwa mkono wangu. Haya, vaa, yaishe."

Alisimama pale akingoja kushukuriwa. Mwalimu aliendelea kuifuta meza. Yeye alipolia, mumewe hakuitoa. Aliponyang'anywa darasa hakuitoa. Benchi lilipokuwa tupu, ameitoa. Alihisi kitu kifuani kikikauka kabisa, na tangu hapo hakikumsumbua.

"Asante," akasema, akakiweka kikombe juu ya kabati.

Shemeji mtu alipojua, alimpigia fundi simu akampa vidonge vyake: kwa nini ameung'oa ukurasa bila hata kuwaelekeza watu kwenye mwingine? Kazi yake yote imekwenda na maji. Ilikuwa imekwenda kweli. Karakana ilizama mtandaoni, na Koleo, ambaye hakuwa amefanya lolote, akapanda.

Mwalimu alivuka barabara siku ya pili yake. Koleo alisimama alipomwona, maana wakati wa kujifunza kazi alikuwa akila kwenye meza yake.

"Mama, mimi nitaanzaje kukugusa? Mzee atasema nini?"

"Anza na picha," akamwambia. Akakaa kitini, mgongo wima, akafungua mdomo mpaka fizi za nyuma zikaonekana, na safari hii hakumtazama mpiga picha kwa upole.

Koleo alimtengenezea meno mazuri. Maneno ya kuweka chini ya picha mwalimu aliyaandika mwenyewe, kwa sababu alijua watu huandika nini. Shuleni akaenda na meno, akarudishiwa darasa lake. Nyumbani aliyavua mlangoni, akayafunga kwenye mkoba, akanywa uji na mumewe jioni. Mtaa mzima ulijua isipokuwa fundi. Hakuna aliyemwambia. Kila mtu alitaka kuona mwisho wake.

Asubuhi moja walikuwa mezani. Fundi, asiye na sababu ya kuwahi kazini, alichukua simu akaandika lile neno, apate kujua ameshuka mpaka wapi. Mkewe alimwona kidole kikisita. Picha mbili zilikuwa juu kabisa, kubwa, za mwanamke anayemjua. Chini yake palikuwa na maneno mafupi, hayana kosa: "Mume wangu ni fundi wa meno. Mimi nilikuja kwa Koleo."

Fundi alisoma, akasoma tena. Alipoinua macho, mkewe alikuwa ameyatoa meno mkobani akayavaa, amechukua ganda gumu la mkate, analitafuna taratibu, anamwangalia.