Gari Lililonyamazishwa

Kuna watu ukiwaomba maji ya kunywa watakuchimbia kisima, halafu wakudai kisima. Fundi mkuu wa gereji ile alikuwa mmoja wao. Wenzake walimwita Daktari, kwa sababu gari lolote likiingia pale, hata kama limekuja kujazwa upepo tu, lazima alichomeke waya wa mashine yake ya kupimia, akunje uso, kisha atangaze maradhi. Kama kuna gari alilowahi kulikuta zima, hakuna anayelikumbuka.

Mshonaji hakuyajua hayo. Fundi wake wa siku zote alikuwa amesafiri, naye akaona apeleke gari kwenye gereji iliyo karibu na kibanda chake cha cherehani. Shida yake ilikuwa moja. Taa ya breki ya kushoto ilikuwa imeungua, na Jumatatu trafiki alimsimamisha kwa ajili ya taa hiyo, akamweka barabarani mpaka zamu ya mama yake hospitalini ikapita. Mama alikuwa mtu wa kusafishwa damu kwa mashine, figo zilikwisha kuchoka. Muuguzi hakumficha kitu: akikosa na mara hii, wasije kuuliza kilichompata.

"Balbu tu," mshonaji alimwambia Daktari asubuhi ile. "Mchana naifuata, nampeleka mama hospitali."

Daktari aliitikia kwa kichwa, na mshonaji akaenda kumalizia sare za watu.

Mchana alikuta boneti iko wazi, na Daktari anajifuta mikono kwa kitambaa, uso umejaa furaha ya mtu aliyefanya kazi kubwa.

"Balbu moja ndiyo imekufungulisha boneti?"

"Balbu tulishabadilisha zamani, dada. Lakini mashine imeonyesha mengine. Plagi zilichoka, nimeweka mpya. Na ile ekzosi, jamani! Ilikuwa aibu. Nimetoa bomba lote la moshi, nimefunga jingine. Sasa hivi hutasikia hata chembe ya kelele."

"Nani kakwambia ufanye?"

"Mgonjwa haulizwi uji."

"Mgonjwa nani hapa? Mimi nashona nguo. Mtu akiniletea sketi niipunguze urefu, siikati na mikono ya blauzi yake halafu nikamdai uzi!"

Mafundi wawili waliokuwa chini ya gari jingine walicheka. Daktari akawatupia jicho, wakameza kicheko chao.

"Kazi imefanyika," alisema, ufunguo unaning'inia kidoleni mwake. "Lipa ya kazi, uchukue gari."

Mshonaji alitazama saa ya ukutani. Hasira alikuwa nayo tele, muda hakuwa nao. Alitoa kitambulisho chake mkobani akakibwaga juu ya meza yenye grisi.

"Shika hicho. Tutagombana kesho. Leo nina mgonjwa wa kweli."

Daktari alikigeuza kitambulisho mara mbili, akampa ufunguo.

Na hapo mshonaji mwenyewe alikosea, maana si kila kosa ni la fundi. Gari liliteleza barabarani kimya, laini, kama limetoka dukani jana, naye, pamoja na hasira zake zote, akalifurahia. Akajisemea moyoni kwamba yule mwizi walau kazi anaijua. Hakuwaza zaidi ya hapo mpaka alipofika kona ya mtaa wao, akasimama kama kawaida kuvaa koti la baba.

Koti hilo lina habari yake, na bila kuijua mtu hawezi kuelewa kilichotokea mlangoni. Kisukari kilimchukua mama macho, kikamchukua figo, na uzee nao ukaja kuchukua kumbukumbu. Baba alipofariki, walimwambia, akalia. Kesho yake akauliza tena mzee yuko wapi. Wakamwambia tena, akalia upya kama ndiyo kwanza anasikia. Siku ya tatu wifi, mke wa kaka yake mshonaji, aliyekuwa akikaa naye mchana kutwa, alishindwa. "Yuko kazini, mama," alisema. Mama akatulia, akaomba chai.

Hospitali ndiyo ilikuwa vita. Mama aliwapiga wanawe fimbo, akisema wanakwenda kumtupa. Mpaka siku moja mshonaji alipokuja na gari la marehemu. Ekzosi yake ilikuwa imelegea tangu enzi za mwenyewe, na ilikuwa na kelele yake ya peke yake: ka-ka-ka, kisha kikohozi kimoja, vuu! Mama aliinuka kitini bila kushikwa mkono. "Huyo mzee. Nipeni mtandio."

Hakuna aliyemsahihisha. Tangu siku hiyo mshonaji huvaa koti la baba, lenye harufu ya tumbaku yake, hukaa kwenye usukani bila kutoa neno, na wifi humpandisha mama kiti cha nyuma. Baba alikuwa bahili wa maneno: kwa ndiyo aligonga usukani mara mbili, kwa hapana mara moja, basi. Binti naye hugonga vivyo hivyo. Mama huongea njia nzima, usukani humjibu, nao hufika salama. Ulikuwa uongo, na mshonaji ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, lakini ndio uliomweka mama hai.

Sasa alisimamisha gari mlangoni, akangoja. Mama alikuwa kibarazani na mtandio wake kichwani. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu vikakataa, wifi akamvisha ndala za kiume.

"Twende, mama. Mzee amefika."

"Amefika wapi? Mbona sijamsikia?"

"Huyu hapa mlangoni."

Mama aligeuza sikio kuelekea barabarani. Injini ilikuwa inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mshonaji ndipo alipotambua kilichokosekana.

"Hiyo si gari yetu," mama alisema.

Mshonaji alikanyaga mafuta. Injini ikavuma kwa adabu, ikatulia. Akapiga honi.

"Honi kila gari inayo! Nani huyo? Mnanipeleka wapi?"

Wifi alimshika mkono, akapigwa fimbo ya muundi. Mama akaanza kuita, "Mzee! Mzee wangu, njoo, wanataka kunichukua!" na pumzi yake ilikuwa fupi, kila neno linatoka peke yake. Kisha akajifunika uso kwa mtandio.

Wifi alikuja mbio dirishani. "Tumbebe?"

Mshonaji alitikisa kichwa. Walimbeba mara moja zamani, akachomoa mipira ya mashine, damu ikatapakaa kitandani, na wauguzi wakakataza asiletwe tena kwa nguvu. Alimpigia simu muuguzi, kwa kunong'ona, mgongo ameugeuzia nyumba.

"Nitakushikia mashine mpaka saa tisa," muuguzi alisema. "Baada ya hapo kuna mwingine anangoja, na yeye pia ana watoto."

Kule gereji, Daktari alikuwa anakula. Mshonaji hakusalimu.

"Nirudishie ekzosi yangu."

"Unayo, dada. Mpya."

"Ile yangu! Iko wapi?"

Daktari alionyesha kwa kidevu. Getini, mnunua vyuma chakavu alikuwa anafunga kamba mkokoteni wake, na juu ya rundo, baina ya rimu na mabati, ekzosi ya baba ilikuwa imelala na kutu yake. Mshonaji alikwenda akashika gurudumu la mkokoteni kwa mikono miwili.

"Shusha hiyo."

"Nimeshanunua, dada."

"Umenunua kwa asiyekuwa mwenyewe. Shusha."

Mnunua vyuma alimtazama Daktari. Daktari alikwisha kunawa, anakuja.

"Mimi sifungi kitu kibovu hapa," alisema. "Gari ikitoka inakohoa vile, watu watasema Daktari ndiye aliyeiua. Jina langu je? Halafu samahani, na hilo koti la nini na jua hili?"

Mshonaji alijitazama. Alikuwa amesahau kulivua, na jasho lilikuwa linamtiririka mpaka viganjani. Uongo wa nyumba yao alikuwa hajauambia mtu, hata shangazi zake. Lakini mficha uchi hazai.

"Koti la baba yangu," alisema. "Baba yangu amekufa. Mama yangu haoni, na hajui kwamba amekufa. Anaijua gari kwa ile kelele uliyoona ni aibu. Akiisikia anapanda, kwa sababu anadhani mumewe ndiye anayeendesha. Leo imekuja kimya, amekataa. Saa tisa asipokuwa hospitali, nitamzika na yeye, na wewe utakuwa umenisaidia kuchimba."

Mmoja wa mafundi alinyoosha mkono akazima redio. Mnunua vyuma alianza kufungua kamba bila kuambiwa. Daktari alitazama ile mashine yake ya kupimia pale mezani.

"Mashine haikuonyesha hilo," alisema, sauti imepungua.

"Ungeniuliza mimi."

Daktari aliivua saa yake, akaingia chini ya gari. Hata mwizi apewe haki yake: mkono wa kazi alikuwa nao. Ekzosi mpya bado ilikuwa ya moto, ikamchoma, akatukana, akaendelea. Wenzake wawili wakaja kushika. Mshonaji alisimama akiwa ameufumbata ufunguo, akitazama saa ya ukutani na kujikataza kuitazama.

"Washa!"

Gari likalia kakakakaka, mfululizo, kama bati kwenye upepo.

"Siyo," mshonaji alisema.

"Kelele si kelele, dada?"

"Siyo! Hiyo haina kikohozi. Huyu ni mume wake wa miaka yote, humdanganyi kwa kelele yoyote."

Daktari alirudi chini. Tatizo lilikuwa mkono wake wenyewe. Maisha yake yote alifundishwa kukaza, na kila nati aliyoambiwa ailegeze, aliilegeza kisha akaikaza kidogo bila kujijua. Mshonaji alipiga magoti kwenye mafuta na sketi yake nzuri, akaona.

"Umekaza tena! Acha hiyo ya nyuma. Iache tu."

"Roho inaniuma kuiacha."

"Iume!"

Akaiacha. Ka-ka-ka, ka-ka-ka. Mshonaji alifumba macho. Ka-ka-ka, vuu!

Alijiziba mdomo kwa mkono wa koti. Daktari alitoka chini akiwa mweusi mpaka masikioni, akaenda mezani, akarudi na kitambulisho, akamtilia mfukoni mwa koti bila kumtazama.

"Nenda, dada."

"Tutagombana kesho," mshonaji alisema, lakini sauti haikuwa na ugomvi.

Ndiyo kwanza anakata kona ya mtaa wao alipomwona mama kwa mbali, amesimama kibarazani peke yake, mkono hewani, anatafuta wa kumshika. Wifi alimpandisha huku analia na kucheka, akafunga mlango, akagonga bodi ya gari kuaga.

Kelele ya ekzosi ililijaza gari zima. Mbele, foleni ilikuwa inasogea, kidogo, lakini inasogea.

"Umechelewa," mama alisema kutoka nyuma.

Mshonaji aligonga usukani mara mbili.

"Ilikuja gari nyingine mchana. Kimya kabisa. Wakaniambia ni wewe." Mama alivuta pumzi, akaitafuta nyingine. "Nikasema basi. Wamenificha. Mume wangu amekufa, na hawa watoto wananihurumia tu."

Mshonaji alishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Nikakulilia kidogo pale kibarazani. Kidogo tu, wasinione. Halafu nikamuwaza binti yako, huyu mshonaji. Huyu ndiye atakayeumia. Alikupenda kuliko wote, na kulia mbele za watu hajui. Nikasema, masikini, nani atambembeleza huyu?"

Tangu maziko mshonaji hakuwa amelia. Angelilia wapi, na nyumbani baba yuko kazini? Sasa machozi yalimtoka hapo hapo kwenye usukani, kwa wingi, mdomo ameuuma ili sauti isitoke, na mabega yakamtikisika ndani ya koti. Kelele ya ekzosi ilimfunika. Kwa maji ya machozi aliliona geti la hospitali, na muuguzi amesimama pembeni na kiti cha magurudumu, anatazama saa yake, kisha anapunga mkono.

Mkono wa mama ulipita katikati ya viti, ukapapasa, ukatua begani pake. Ulikaa pale, ukisikia mtetemo.

"Gari hii nayo," mama alisema, "itatutikisa mpaka lini? Si uipeleke kwa fundi, mzee wangu?"

Mshonaji aligonga usukani mara moja.