Waya wa Kahawia Usio na Mwenyewe

Pikapu yetu ilikuwa haiwaki mpaka Bibi awe amekaa kiti cha mbele. Usicheke, mtaa mzima unajua. Mume wangu angezungusha ufunguo mpaka vidole viote sugu, kimya. Bibi akitoka ndani na mkoba wake, akapanda, akajiweka sawa, akavuta mlango, basi ufunguo ukiguswa tu dizeli inanguruma na moshi juu. Siku Bibi akiwa na homa tulikuwa tunaisukuma kuteremka ule mteremko wa nyuma ya nyumba, watu wazima na heshima zetu, mpaka ishike.

Mafundi walikuja wakaondoka. Huyu alisema betri, yule alisema stata. Bibi alikuwa akiwaona tu anapanda kitini kwake kuwatazama, gari linawaka, fundi anakuna kichwa anaaga. Mwisho tukakubali kwamba ni baraka. Jirani yetu, tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, ndiye aliyeitangaza hiyo baraka mpaka watu wakawa wanamwomba Bibi akalie pikipiki zao.

Bibi ni mama yake mume wangu, lakini hapa nyumbani hata wanawe wanamwita Bibi. Na kazi ya pikapu ni kubeba viti na maturubai ya kukodisha. Sasa jumlisha mwenyewe: popote penye shughuli, viti vinafika, na Bibi anafika. Amekula harusi za watu asiowajua hata kwa sura. Jioni anarudi na habari, sisi tumemzunguka: bibi harusi alinuna, mjomba wa bwana harusi alilala mezani. Nyumba yetu bila hizo habari ingekuwa kama redio isiyo na betri.

Ndipo pikapu ikaanza kutoa moshi chini ya dashibodi. Mume wangu akaleta fundi umeme, mwanamume mwembamba mwenye taa ya kupimia imening'inia shingoni kama rozari. Alipofungua, akarudi nyuma hatua moja.

"Hiki ni kiota cha kunguru," alisema. "Nani alifunga hizi waya?"

Tukatazamana. "Sisi sote."

Fundi akasema atang'oa njia nzima ya umeme mkuu: waya nene mpya kutoka betri, sanduku jipya la fyuzi, kila kitu na fyuzi yake. Bibi, aliyekuwa mlangoni, akauliza, "Na gari litawaka bila mtu?"

"Litawaka hata nikikaa mimi peke yangu, mama."

Bibi akaukumbatia mkoba wake. Aliingia ndani. Jioni ile nilimkuta kwenye kitanda chake, mkoba uko mapajani kama anasubiri safari. Akaniambia taratibu, "Mkwe, wakimaliza, mtaniacha." Nikamwambia nani amwache, Bibi bwana! Lakini moyoni nilijua kiti kile, kikiwa wazi, kitajazwa viti vya plastiki.

Kesho yake fundi akatoa amri: kila mwenye waya wake aje autambue, asije akakata cha mtu. Nyumba ikajaa. Shemeji yangu mdogo akautambua wa spika. Wifi akaja akiwa na unga mikononi, akaonyesha wa kuchajia simu. Honi ya basi ilikuwa ya mume wangu, ingawa kwanza aliikana. Hata Redio alikuwa na waya.

"Wewe jirani, waya ndani ya gari letu unatafuta nini?" wifi akamuuliza.

"Taa ya nyuma ile. Niliwasaidia, mkasahau."

Fundi akawa anafunga kitambaa kwenye kila waya uliopata mwenyewe. Ukabaki mmoja, wa kahawia, umetokea njia ya stata ukapotelea chini ya zulia. Akauliza mara ya pili, mara ya tatu. Hakuna mwenyewe. "Basi wa kiwandani huo," akasema, akauacha, akaendelea.

Kazi ikaisha adhuhuri, nayo ilipendeza. Taa zilimulika hata mchana. Honi iliwatoa kuku chini ya meza. Mume wangu akazungusha ufunguo.

Kimya.

Fundi akapima huku, akapima kule. "Umeme unatoka hapa kwenye swichi," akasema, "kwenye stata haufiki. Unakwenda wapi?" Alituuliza sisi! Sisi tunajua nini habari za umeme?

Bibi akaja polepole na mkoba wake. Akapanda. "Jaribu," akasema.

Ikawaka.

"Mnaona?" Redio akapiga kofi. "Mnaona? Mimi nilisema nini?"

Fundi akazima. Akamwomba Bibi ashuke. Kimya. Akamwomba apande. Ikawaka. Jasho lilimtoka mwanamume yule. Nilidhani atakusanya vifaa vyake akimbie, lakini alipiga magoti, akafunua zulia, akafuata ule waya wa kahawia kwa kidole mpaka chini ya kiti cha Bibi. Akakiinua kitambaa cha kiti. Kulikuwa na kitufe, cha ukubwa wa kifungo cha koti, kimefungwa vizuri. Mtu akikalia, njia ya stata inaungana. Akiinuka, inakatika.

"Baraka yenyewe hii hapa," fundi akasema.

Sikujua nicheke au nilie. Kwa hiyo mtu yeyote mnene angetosha? Lakini nani angethubutu kukalia kiti cha Bibi?

"Nani kaweka?" mume wangu akanguruma kuliko gari. "Mgongo wangu umekwisha kwa kusukuma! Nani?"

Kila mtu akamtazama mwenzake. Shemeji akamtazama Redio, Redio, kwa mara ya kwanza maishani, hana la kusema.

"Waya wangu huo," Bibi akasema.

Alisema akiwa amekaa palepale, anatazama mbele. "Harusi ya mjukuu wangu mliniacha. Mnakumbuka? Nimevaa, nimejipaka mafuta, nimekaa kizingitini. Kila mmoja alidhani nimepanda na mwenzake. Mlirudi usiku mkanisimulia harusi ya mjukuu wangu mwenyewe. Akapita fundi mmoja anatafuta maji ya kunywa. Nikampa maji, nikampa na chakula, nikamwambia shida yangu."

Wifi akaangalia unga wake. Ilikuwa harusi ya binti yake.

Mume wangu hakutaka kuangalia popote. "Fundi, unganisha moja kwa moja. Kitoe." Fundi akaunganisha. Bibi akashuka bila kusaidiwa. Ufunguo ukazungushwa, kiti kitupu, injini ikaitika kama haijawahi kukaidi. Hakuna aliyeshangilia. Viti vilikuwa vinasubiriwa, tukapakia. Bibi akakaa kizingitini, akaanza kuvua viatu.

Pikapu ikafika getini ikasimama. Inanguruma, haiendi. Tukasubiri. Honi ya basi ikalia, kuku wakakimbia tena.

"Fundi!" mume wangu akaita. "Gari haliendi!"

Fundi akaenda mbio, akafungua boneti, akasikiliza, akafunga. "Bosi, mbona liko sawa?"

"Nakwambia haliendi. Rudisha ule waya."

"Niurudishe ubovu?" Fundi akanigeukia mimi. "Shemeji, nyumba hii mna nini?"

Hata mimi sikujua. Bibi ndiye aliyejibu, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Usirudishe," akasema. "Ukirudisha, nitajuaje kama ni yeye anayenitaka au ni waya?"

Mume wangu akaachia usukani. Kisha akainama, akanyoosha mkono, akaufungua ule mlango wa upande wa pili kutoka ndani. Ukabaki wazi, unatikisika na injini.

"Zima hilo gari, unanimalizia mafuta," Bibi akamwambia. "Sijapata kiatu."

Akazima. Tukamtafutia kiatu watu wote na kiatu kiko mkononi mwake. Alipopanda, akajiweka sawa, akavuta mlango. Likawaka. Fundi alikuwa bado amesimama na ule waya wa kahawia, kitufe kinaning'inia.

"Sasa huu niufanye nini?"

"Nipe, ni wangu," Bibi akasema. Akauviringisha vizuri, akautia mkobani, akamtazama mwanawe, akafunga zipu.